Kubadilisha Ekzosi ya Gari la Kikundi: Je, Ni Lazima Injini Ityuniwe Upya?



Swali la mara hii limetoka kwa kikundi kimoja cha hapa Mabanga chenye pikapu ya petroli, ile ya zamani ya kabureta, ya kubebea mahindi na vitunguu. Ekzosi yake ilikuwa imeliwa na kutu. Fundi akawaambia wasisumbuke kununua sailensa, awatilie bomba nene moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma, "gari ipumue." Wakakubali kwa kuwa bei ilikuwa nafuu. Baada ya wiki chache mama mweka hazina akatujia: "Nyinyi watu wa ofisi, mbona pesa ya mafuta imepanda na mzigo ni ule ule? Na fundi sasa anataka pesa nyingine ya kutyuni. Ni kweli, ama anatula?"

Fundi hakudanganya kuhusu kutyuni. Kosa lake ni kwamba alisema baada ya kukata bomba, na hilo ni jambo la kusemwa kabla.

Ekzosi si bomba la kutupa moshi tu. Kila pistoni inapomaliza kazi, vali hufunguka na moshi hutoka kwa kishindo. Bomba likiwa na unene unaofaa, moshi hukimbia humo na kuacha nyuma yake mvuto mdogo, na mvuto huo husaidia kuutoa moshi unaofuata. Mwenye kumwagilia shamba kwa mpira anajua: ukibana mdomo wa mpira kidogo, maji hukimbia, ukiyaachilia kwenye mfereji mpana, yanatambaa. Injini ya kawaida ya lita 1.6 au 2 hutoka kiwandani na bomba la karibu inchi moja na nusu hadi mbili. Hawa walitiliwa la inchi mbili na nusu. Matokeo yake, gari likiwa tupu na likienda mbio kwa lami, linaonekana lina nguvu. Likibebeshwa magunia na kupanda kilima polepole, linalegea. Dereva anarudi gia ya chini, anakanyaga mafuta zaidi, na hapo ndipo pesa za mama mweka hazina zilipokuwa zinakwenda. Kelele nayo inadanganya, maana gari likinguruma sana watu wote hudhani lina nguvu.

Sasa turudi kwa kutyuni. Petroli huungua vizuri ikichanganywa na hewa kwa kipimo cha karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Kabureta haina akili ya kupima. Hutoa mafuta kulingana na tundu la jeti iliyowekwa. Moshi ukitoka kwa urahisi kuliko zamani, hewa nyingi zaidi huingia na mchanganyiko unaweza kuwa mwepesi. Mchanganyiko mwepesi huwaka kwa joto kali na huweza kuunguza vali. Kwa hiyo, ukiondoa sailensa ya mbele, ukitia bomba pana au ukibadilisha manifoldi katika gari la kabureta, ndiyo, fundi aangalie jeti, mchanganyiko na taiming. Lakini ukibadilisha kipande cha nyuma kilichooza na kutia kingine cha unene ule ule na sailensa ya aina ile ile, hakuna cha kutyuni. Ukiambiwa ulipe, uliza ni cha nini.

Njia ya kujua ni kufungua plagi baada ya safari ndefu. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi ina maana mafuta ni mengi. Nyeupe kama chokaa ina maana mafuta ni machache na joto limezidi. Kumbukeni pia huku kwetu ni juu. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya tano. Gari la kabureta lililotyuniwa pwani likifika huku hutoa moshi mweusi hata kama ekzosi haijaguswa. Basi msilaumu bomba kwa kila jambo.

Magari ya injekta ni habari nyingine. Katika ekzosi yake kuna sensa inayopima oksijeni na kuiambia kompyuta iongeze au ipunguze mafuta. Mabadiliko madogo kompyuta itayarekebisha yenyewe, mradi sensa ibaki mahali pake na bomba lisiwe na tundu mbele yake. Tundu likiwepo, sensa husoma hewa ya nje, kompyuta inadhani mafuta ni machache, inamwaga mengine bure.

Magari hayo pia huwa na kopo la katalisti, ndani yake kama sega la nyuki, lililopakwa madini ghali kama platinamu. Yalifaa kwetu hasa baada ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara kuacha petroli yenye risasi kufikia Januari 2006, maana risasi huliharibu. Kuna wanunuzi wa kopo hilo. Fundi akisema "hii haina kazi, tuitoe," mwambieni kikundi kitaondoka nalo.

Dizeli? Huko ekzosi haibadilishi kipimo cha mafuta, kwa kuwa pampu ndiyo inayopima. Isiyo na tabo haipati faida kubwa kwa bomba pana. Shida huja fundi akifungua skrubu ya pampu "kuongeza nguvu". Moshi mweusi ni mafuta yenu yanayopaa hewani, na joto huweza kuyeyusha pistoni.

Lililotutia wasiwasi zaidi katika pikapu ile ni jambo ambalo hawakuuliza. Bomba jipya lilichomelewa vibaya chini ya kebini, na akina mama waliokaa mbele walikuwa wakishuka sokoni na maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Walidhani ni jua. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu na kuinyima oksijeni. Mtu husinzia, na anaweza kufa. Waliofunikwa turubai nyuma wako hatarini pia. Kupima ni rahisi: injini ikiwa baridi, iwashwe nje mahali wazi, mtu azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Injini ikilemewa, bomba ni zima. Ikiendelea tu na mkasikia "ssss", kuna tundu. Tafuteni kwa maji ya sabuni kwenye maungio.

Sheria ya trafiki nayo inataka gari liwe na sailensa, na tangu 2009 kuna kanuni za kelele chini ya sheria ya mazingira.

Kikundi kiliamua kurudisha bomba la unene wa kwanza na sailensa mpya. Hawakulipa kutyuni, plagi zilikaguliwa baada ya safari ya Kitale zikawa kahawia. Mzee dereva bado analalamika kwamba sasa watu hawasikii akija.