Usanifu wa Mandhari: Maji ya Mvua Yaende Wapi?

Wanafunzi wetu wengi wakisikia "usanifu wa mandhari" hufikiria bustani ya maua tu. Tueleze kwa mfano.

Mwaka 2010, mjini Golden katika jimbo la Colorado, Marekani, lilifunguliwa jengo la ofisi za watafiti wa nishati, Research Support Facility. Eneo hilo ni kavu. Kwa hiyo wasanifu walichagua mimea ya asili iliyozoea ukame, na maji ya mvua kutoka paani yakaelekezwa kwenye mimea hiyo. Mawe yaliyopatikana papo hapo yalijazwa katika vikapu vya waya, yakawa kuta za kuzuia udongo.

Kinachofaa kuigwa hapo ni kanuni, wala si mimea yenyewe: anza na mvua, udongo na mawe uliyonayo. Kwetu Kampala mvua ni nyingi. Tatizo ni mmomonyoko wa udongo na mafuriko mabondeni.

Walimu, watoeni wanafunzi darasani, waeleze kwa Kiswahili safari ya maji kutoka paani hadi bondeni. Asiyeweza kulitaja tatizo hawezi kulitetea mbele ya wapangaji wa chuo.