Neno "Msafara" katika Barua za Wakati wa Vita

Barua za serikali ya Tanganyika za miaka ya vita, 1939–1945, ziliandikwa zaidi kwa Kiingereza. Mwenye kuzifasiri hana budi kutafuta jina la meli zivukazo bahari pamoja zikilindwa na manowari. Jina lililozoeleka ni "msafara". Lakini msomaji wa Shinyanga, au wa machimbo ya dhahabu ya Geita, aweza kuwaza kwanza wapagazi wa zamani waliokwenda pwani na pembe za ndovu. Je, neno hili latosha?

Twaona latosha, likisemwa "msafara wa meli". Kwani maana ya asili, yaani wengi kufuatana kwa kuogopa hatari za njia, haikupotea. Aandikaye "safari" tu huondoa ulinzi, na pia kushindwa kwake. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini na askari wa Afrika Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, ingali msafarani na manowari zikiwapo. Walikufa watu wapatao 1,300. Jamaa zao wastahili kusoma habari hiyo kwa neno lililo kamili.