"Imepimwa" Maana Yake Nini? Istilahi za Uendeshaji na Majaribio ya Mifumo ya Kudumu ya Kufuatilia Gesi zenye Sumu

Ikisiri
Makala haya yanaeleza namna mfumo wa kudumu wa kufuatilia gesi yenye sumu unavyofanya kazi na unavyojaribiwa, kwa kutumia mfano wa chumba cha klorini katika kituo cha kusafisha maji. Yanadai kwamba vitenzi viwili vya kawaida, kupima na kuzima, vinabeba maana nyingi mno kuweza kutumika peke yake katika daftari la zamu, na kwamba utata huo unaweza kuficha kihisi kilichokufa. Mwisho, yanapendekeza seti ndogo ya istilahi kwa ajili ya miongozo ya usalama kazini katika ukanda wetu.

1.0 Utangulizi
Kiswahili hakikosi uwezo wa kuitaja hatari isiyoonekana. Katika maeneo ya Goma na Sake, kaskazini mwa Ziwa Kivu, wakazi huita mazuku yale mabonde ambamo hewa ya ukaa itokayo ardhini hutuama. Kwa kuwa hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa takribani mara 1.5, humwangusha mbuzi au mtoto kabla mtu mzima aliyesimama hajahisi lolote. Neno hilo limeingia jinsi lilivyo katika maandishi ya Kiingereza na Kifaransa ya wanasayansi wa volkano. Lina manufaa kwa sababu linataja jambo moja, na anayelisikia hujua afanye nini.

Katika maeneo ya kazi hali ni tofauti. Huko hatari imewekewa mitambo, na mitambo hiyo huja na vitabu vya maelekezo vya lugha za kigeni, ilhali wahudumu wake huzungumza na kuandikiana kwa Kiswahili. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuonyeshwa daftari la zamu la kituo kimoja cha kusafisha maji, ambamo safu ya kihisi cha klorini ilijazwa neno moja kila wiki: "Imepimwa." Wahudumu watatu walipoulizwa wanamaanisha nini, majibu yalikuwa matatu. Wa kwanza alimaanisha kwamba amesoma tarakimu kwenye kioo. Wa pili alimaanisha kwamba amebonyeza kitufe na kuona taa zikiwaka. Wa tatu peke yake alimaanisha kwamba amekipuliza kihisi kwa gesi na kusubiri kijibu. Wote walikuwa wakweli, na wote walikuwa wakitumia Kiswahili sanifu. Tatizo ndipo linapoanzia.

2.0 Mfumo na viungo vyake
Klorini hutumika kuua vijidudu katika maji ya kunywa, na katika vituo vikubwa huhifadhiwa ikiwa kimiminika ndani ya mitungi yenye shinikizo. Ikivuja hugeuka gesi iliyo nzito kuliko hewa kwa takribani mara 2.5. Kwa sababu hiyo vihisi vyake hufungwa karibu na sakafu, kwa kawaida kati ya sentimita 30 na 50. Kwa amonia, inayotumika katika mitambo ya kugandisha samaki na ambayo ni nyepesi kuliko hewa, vihisi hufungwa juu.

Kihisi cha kawaida cha klorini ni seli ya kielektrokemia. Gesi hupenya utando, hufika kwenye elektrodi iliyo ndani ya elektroliti, na hapo huzalisha mkondo mdogo wa umeme unaolingana na wingi wake. Mkondo huo hukuzwa na kupelekwa kwenye paneli ya kudhibiti kwa ishara ya miliampea 4 hadi 20, ambapo 4 ni sufuri na 20 ni kilele cha kipimo. Paneli hulinganisha ishara hiyo na viwango vya tahadhari vilivyowekwa. Kwa klorini, mara nyingi tahadhari ya kwanza huwekwa kwenye sehemu 0.5 kwa milioni na ya pili kwenye sehemu 1. Taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, huhesabu sehemu 10 kwa milioni kuwa kiwango cha hatari ya papo hapo kwa uhai. Tahadhari ya kwanza huwasha taa mlangoni. Ya pili hupiga king'ora, na kulingana na usanifu wa chumba, huendesha feni au hufunga vali za mitungi.

3.0 Sufuri mbili
Mfumo huu una udhaifu ambao kila msimamizi hana budi kuuelewa. Waya ukikatika, ishara hushuka chini ya miliampea 4 na paneli hutangaza hitilafu. Lakini elektroliti ikikauka kwa joto, au utando ukizibwa na vumbi, rangi ya ukutani au utando wa buibui, sehemu ya elektroniki inaweza kubaki nzima na kuendelea kutuma miliampea 4. Kwenye kioo itasomeka sufuri.

Basi ziko sufuri mbili. Moja husema kwamba hewa ni safi. Nyingine husema kwamba kihisi hakihisi tena. Kwa macho hazitofautiki. Kitufe cha kukagua taa na king'ora hakizitenganishi, kwa maana kinajaribu paneli, si seli. Njia ya kuaminika ya kuzitenganisha ni kukipa kihisi gesi halisi na kuona kama kitajibu. Muda wa kuishi wa seli za namna hii kwa kawaida ni miaka 2 hadi 3, nazo huzeeka zikiwa kazini au zikiwa ghalani.

Tukirudi kwenye lile daftari, kati ya wahudumu watatu walioandika "Imepimwa", ni mmoja tu aliyeweza kuigundua sufuri ya pili.

4.0 Kitenzi "kupima"
Kupima ni kitenzi chenye eneo pana. Daktari hupima mgonjwa, fundi cherehani hupima kitambaa, mwalimu hupima uelewa wa wanafunzi. Upana huo ni neema katika mazungumzo, lakini katika daftari la usalama hufunika matendo manne yasiyofanana:

(a) Kusoma: kuangalia tarakimu iliyo kwenye kioo na kuiandika.
(b) Kukagua: kutazama hali ya kihisi, kichujio na nyaya, na kubonyeza kitufe cha taa na king'ora.
(c) Kujaribu kwa gesi: kukipuliza kihisi kwa gesi ya wingi unaojulikana, kuona kama kinafikia viwango vya tahadhari na kwa muda gani.
(d) Kugeza: kulinganisha usomaji wa kihisi na gesi ya rejea, kisha kuurekebisha hadi ulingane nayo.

Istilahi ya mwisho haikubuniwa hapa. Shirika la Viwango Tanzania hutumia neno ugezi kwa kazi hiyo, kama ambavyo Wakala wa Vipimo hutumia uhakiki kwa mizani na pampu za mafuta. Maneno yapo, yamebaki kwenye maabara na hayajashuka hadi kwenye chumba cha mitungi.

Tofauti kati ya (c) na (d) si ya kinadharia. Jaribio hujibu swali moja: je, kihisi kinaitikia? Ugezi hujibu swali la pili: je, kinachosema ni sahihi? Kihisi kinaweza kufaulu la kwanza na kushindwa la pili. Ni mara ngapi kila tendo lifanyike huamuliwa na maelekezo ya mtengenezaji na tathmini ya hatari ya mahali husika, lakini hakuna ratiba itakayofuatwa iwapo matendo yote yanaitwa kwa jina moja.

5.0 Kitenzi "kuzima"
Kabla ya jaribio la gesi, fundi huzuia kwa muda ishara za paneli ili feni na vali zisijiendeshe. Hupuliza gesi kwa mtiririko ulioelekezwa, husubiri usomaji upande, huondoa gesi, husubiri usomaji urudi sufuri, kisha huondoa kizuizi. Jaribio la namna hii huthibitisha kihisi, si king'ora wala vali. Kwa hiyo mara kwa mara sharti mnyororo mzima ujaribiwe bila kizuizi, baada ya watu wote kuarifiwa.

Katika mazungumzo ya zamu, hata hivyo, fundi husema "nimezima". Anayepokea zamu hawezi kujua kama king'ora kimenyamazishwa, kama tahadhari imerejeshwa kwenye hali ya kawaida, kama ishara zimezuiwa, au kama umeme umekatwa. Kizuizi kinachosahaulika ni hatari hasa: kihisi kinafanya kazi, tarakimu zinapanda, na hakuna king'ora kinacholia. Kunyamazisha, kurejesha, kuzuia na kukata umeme yafaa yawe maneno manne katika daftari, na kila "kuzuia" kuandikwe pamoja na saa ya kuondolewa kwake.

6.0 Hitimisho na mapendekezo
Nchi za ukanda huu zina sheria za usalama na afya mahali pa kazi: Tanzania ya mwaka 2003, Uganda ya mwaka 2006, Kenya ya mwaka 2007. Rwanda na Uganda, kila moja kwa njia yake, zimekipa Kiswahili nafasi rasmi. Yanapendekezwa mambo matatu. Kwanza, mamlaka za usalama kazini zikubaliane juu ya istilahi nane zilizotajwa humu na kuziweka katika miongozo yao. Pili, fomu ya zamu iondoe safu ya "Imepimwa" na kuweka safu nne, pamoja na wingi wa gesi ya majaribio na muda wa kihisi kuitikia. Tatu, mabaraza ya Kiswahili yawashirikishe mafundi katika usanifishaji wa istilahi, kwa kuwa wao ndio wanaozitumia saa nane usiku, paneli inapoonyesha sufuri na mtu anapaswa kuamua kama ataingia.