Namba Iliyosadikiwa kwa Heshima ya Mtu

Tukiulizwa kama 91 hugawanyika, aghalabu twajibu upesi, "La." Tukijaribu kwa 7 twapata 13, wala hapana baki. Basi 91 si namba tasa, maana namba tasa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Kosa kama hilo liliwapata hata wenye elimu kubwa. Twaa 2 zipatazo 67, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1, utapata 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliandika ya kuwa namba hiyo ni tasa. Mwaka 1876 Mfaransa mwenziwe, Édouard Lucas, alithibitisha kuwa si tasa, lakini namba ziigawanyazo hakuzipata.

Mwaka 1903, katika mkutano wa wanahesabu mjini New York, Frank Nelson Cole wa Marekani alizionyesha: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Husimuliwa ya kuwa alizidisha ubaoni pasipo kunena neno, watu wakampigia makofi. Na kwamba kuzitafuta kulimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Lakini jambo lililotafutwa kwa taabu hiyo, mwanafunzi ajuaye kuzidisha aweza kulihakikisha kwa jioni moja. Hesabu haitazami cheo cha msemaji. Basi na tusisadiki kwa kuwa mkubwa amesema, wala kwa kuwa sisi tumesema. Tushike kalamu, tuzidishe.