Anko ni nani kwa mtoto wako?

Asubuhi ya siku ya shule pale Mirongo, jijini Mwanza, dereva wa basi la wanafunzi ni anko. Bodaboda, anko. Muuza duka, anko. Fundi aliyekuja juzi kuziba bomba, naye anko. Na baba mdogo aliyetoka Magu kuja kusalimia? Anko vilevile.

Neno hili tumelitoa kwa Waingereza, nao walilitoa kwa Wafaransa, waliolirithi kutoka Kilatini. Kwa Kilatini, avunculus alikuwa kaka wa mama tu. Mjomba kabisa! Kaka wa baba aliitwa patruus. Anti naye ana historia hiyohiyo: amita alikuwa dada wa baba, yaani shangazi, na mama mdogo alikuwa na jina lake, matertera. Waingereza wa kale nao walimtofautisha mjomba na kaka wa baba. Baada ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066, maneno ya Kifaransa yakaingia kwa wingi, yale ya zamani yakapotea, na uncle akabaki kuwabeba wote, hadi mume wa shangazi.

Kwa hiyo mzazi anayeona "mjomba" ni ushamba na "anko" ndiyo usomi, anaacha neno linaloeleza zaidi na kuchukua lililochakaa.

Ni kweli, anko lina adabu yake. Mtoto hawezi kumwita mtu mzima jina tupu. Shida inakuja pale mtoto wa chekechea anaporudi na kusema, "Anko kanipa pipi." Anko yupi? Au mwanamume anapofika getini kumchukua, mwalimu anamuuliza mtoto, "Unamjua huyu?" naye anajibu bila wasiwasi, "Ni anko." Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, karibu wasichana 3 kati ya 10 wenye miaka 13 hadi 24 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Si jambo la kuachia neno moja.

Ndugu waitwe kwa nafasi zao: mjomba, baba mkubwa, baba mdogo. Wengine waongezewe kazi au jina: anko dereva, anko wa dukani. Na shuleni acha majina kamili ya wanaoruhusiwa kumchukua.

Leo jioni mwambie mtoto akutajie maanko zake wote. Hesabu wale usiowajua.