Mtoto wa Jicho: Upasuaji Ufanywe Lini?

Mtoto wa jicho ni ukungu unaotanda ndani ya lenzi, sehemu angavu iliyo nyuma ya mboni ambayo kazi yake ni kukusanya mwanga na kuuelekeza kwenye retina. Lenzi imeundwa kwa maji na protini zilizojipanga kwa utaratibu. Umri unavyosogea, protini hizo huharibika na kugandamana, na mwanga ukipita hutawanyika au huzuiwa kabisa. Uzee ndio chanzo kikuu, lakini kisukari, sigara, jicho kuumia, miale ya jua na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi huuharakisha ugonjwa. Hakuna dawa ya matone, kidonge wala mitishamba inayouondoa ukungu huo. Baadhi ya dawa za kienyeji zinazotiwa jichoni huunguza konea na kuongeza tatizo la pili. Tiba ni upasuaji wa kuitoa lenzi na kuweka nyingine ya bandia.

Zamani mgonjwa aliambiwa asubiri mpaka mtoto wa jicho akomae, yaani mboni iwe nyeupe na kuona kuwe kumekwisha. Ushauri huo ulikuwa na sababu zake. Lenzi ilitolewa kwa mkato mkubwa, jeraha likashonwa, na mgonjwa akalazwa siku kadhaa. Baada ya hapo jicho lilibaki bila lenzi, kwa hiyo alivaa miwani minene iliyokuza vitu kupita kiasi na kumwonyesha vizuri kilicho mbele yake tu. Kwa aliyekuwa bado anaona kidogo, faida ilikuwa ndogo kuliko usumbufu.

Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 1949, daktari Harold Ridley alipopandikiza lenzi ya bandia kwa mara ya kwanza katika hospitali ya St Thomas', London. Mwaka 1967 Charles Kelman wa Marekani alianzisha njia ya kuisaga lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuifyonza kupitia tundu la milimita chache. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki hutumika pia mkato mdogo usiohitaji kushonwa, ambao hauhitaji mashine ya gharama kubwa na hufaa hata kwa lenzi iliyokwisha kuwa ngumu. Kwa kawaida jicho hutiwa ganzi, kazi huchukua chini ya saa moja, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo kipimo cha wakati kimehama kutoka kwenye weupe wa mboni hadi kwenye maisha ya mgonjwa. Daktari huanza na chati ya herufi. Mwenye uwezo wa 6/18, kwa mfano, husoma akiwa mita 6 kile ambacho macho mazima hukisoma kwa mita 18. Hata hivyo, chati husomwa chumbani penye mwanga mzuri. Dereva anaweza kuisoma vizuri na bado akapofuliwa na taa za magari usiku. Fundi cherehani hushindwa kutunga uzi mapema, ilhali mfugaji mwenye macho ya kiwango hichohicho huendelea na shughuli zake bila shida. Ukungu unapomzuia mtu kufanya kazi, kusoma, kutambua nyuso au kutembea bila hofu, na miwani mipya haisaidii, wakati wa upasuaji umefika.

Kwa wazee, kuanguka nako huhesabiwa. Utafiti wa Nottingham, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia wanawake 306 wenye zaidi ya miaka 70. Waliofanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza mapema walianguka kwa kiwango kilichopungua asilimia 34 kikilinganishwa na cha waliosubiri zamu ya kawaida.

Zipo hali ambazo ugonjwa wenyewe hulazimisha haraka. Lenzi iliyopitiliza huweza kuvimba au kuvuja, ikapandisha shinikizo la jicho na kuua mshipa wa fahamu wa kuonea. Jicho jekundu lenye maumivu makali ni la dharura. Mwenye kisukari huhitaji upasuaji pale ukungu unapomzuia daktari kuichunguza na kuitibu retina. Mtoto mchanga mwenye mboni nyeupe apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwa kuwa ubongo hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo, na weupe huo unaweza pia kuwa dalili ya saratani ya jicho.

Kusubiri nako kuna mahali pake. Mwenye ukungu mdogo anayeridhika na miwani hana sababu ya kupasuliwa. Sukari au presha iliyo juu sana hushushwa kwanza, na maambukizi ya kope hutibiwa. Ikiwa retina au mshipa wa fahamu umeharibika, mgonjwa aelezwe mapema kwamba lenzi mpya haitarudisha kila kitu. Macho yote mawili yakiwa na ugonjwa, kwa kawaida huanza moja, na la pili hufuata la kwanza likishatulia.

Upasuaji huu ni salama kwa walio wengi, ila hauna uhakika wa asilimia mia. Mfuko unaoishikilia lenzi huweza kuchanika, na maambukizi ndani ya jicho, ingawa ni nadra, huweza kulipofusha. Baadhi hupata ukungu nyuma ya lenzi mpya miezi au miaka baadaye, na huo huondolewa kwa leza. Kabla ya siku ya upasuaji jicho hupimwa ili kuchagua nguvu ya lenzi, na mgonjwa huamua kama anataka kuona mbali au karibu bila miwani. Anayetumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume aseme, maana dawa hiyo hulegeza misuli ya mboni.

Linalobaki ni ratiba ya nyumbani. Dawa za matone hutumika kwa wiki kadhaa, na katika kipindi hicho jicho halisuguliwi, huepushwa na vumbi, moshi na maji machafu, na mizigo mizito haibebwi. Mkulima hufanya vyema kupanga upasuaji nje ya msimu wa palizi na mavuno, na anayepikia kuni atafute wa kumshikia jiko. Maumivu yanayozidi, wekundu, usaha au kuona kunakofifia ghafla baada ya upasuaji ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki.