Herufi za mkono zinazowatibulia matapeli

Kama umezoea kukatiza vichochoro vya Manzese, Mwananyamala au Tandika, bila shaka umeshakutana nazo: herufi nene, zimepakwa ukutani kwa rangi nyekundu, NYUMBA HII HAIUZWI. Wengine huongezea kwa chini, OGOPA MATAPELI.

Usidhani ni mapambo, ndugu msomaji. Mjini hapa nyumba inaweza kupigwa bei mwenyewe akiwa kaenda msibani kijijini. Ndugu anayegombea mirathi, au dalali mwenye njaa zake, anampitisha mteja hadi uani, anapokea chake, anayeyuka. Karatasi haimzuii, ataibandua mapema tu. Lakini rangi ya mafuta ikishanywewa na plasta ni kasheshe. Akija na ndoo ya chokaa kuifuta, majirani watauliza.

Ndiyo maana mchora mabango wa mtaani bado anaambulia riziki, ingawa kompyuta imemnyang'anya kazi nyingi. Siku hizi saluni, bucha na hata genge vinatundika bango la plastiki lililochapwa kwa mashine.

Na mashine nazo zimejifunza kuiga mkono. Mwaka 1994 Vincent Connare wa kampuni ya Microsoft, Marekani, alimwona mbwa wa katuni kwenye programu moja akiongea kwa herufi rasmi za Times New Roman. Akaona haiji. Akachungulia vitabu vya katuni, akachora herufi za utani akaziita Comic Sans. Leo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzibandika kwenye tangazo la tuisheni au kadi ya mchango.

Zinachekesha, sikatai. Ila ziangalie vizuri: kila A ni pacha wa mwenzake. Kwa fundi wetu, aliyepiga mstari kwa chaki na kuvuta brashi, A ya kwanza ina kitambi, ya mwisho imekonda kama mgonjwa wa malaria kwa kuwa ukuta umemwishia! Akikuwekea na kivuli cheusi pembeni, neno linanyanyuka utadhani linakufuata.

Jambo moja tu. Nyekundu ndiyo rangi ya ile X ya kubomolewa. Waulize waliokuwa kando ya Barabara ya Morogoro kule Kimara mwaka 2017. Ukimwita fundi, mwombe bluu.